Kitabu cha Bei ya Kuku

Mgeni alipiga hodi mara moja tu, na kabla hajaitikiwa upepo ukamfungulia mlango. Alisimama kizingitini amelowa chapachapa, begi amelikumbatia kifuani. Begi lenyewe lilifungwa kwa turubai, kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyojifunika yeye.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwanamke mzee aliyeketi karibu na mbabula, jiko la makaa. "Naomba nijikinge mvua kidogo. Mimi nikilowa nitakauka, lakini mzigo huu ukilowa nimekwisha."

Nyirahabimana hakuwa na habari kwamba shikamoo ina jibu lake. Alimpungia mkono. "Ingia, mutoto yangu, ingia. Funga mulango. Mutoto hapa iko nakohowa."

"Munamusikia?" Straton, mwanawe, alicheka bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa akiushona. "Huyu iko naongea sawa redio!"

"Nimezaliwa Karagwe," mgeni alisema, naye akicheka. "Naitwa Hakimu. Subirini mnisikie nikiongea Kinyarwanda, hapo ndipo watu huanguka chini."

Wakampa kigoda. Nje, bandari ya Rubona, upande wa Rwanda, ilikuwa imefutika kwenye mvua, mitumbwi na ziwa vikawa kitu kimoja cha kijivu.

Niyonshuti, mke wa Straton, alikuwa akichambua sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu aliowavusha mpakani kila asubuhi kwenda kuwauza Goma, upande wa Kongo. Mikono yake ilikuwa kwenye ungo, lakini macho yalikuwa kwa Keza. Binti yao huyo, ambaye hata miaka miwili hajatimiza, alilala mapajani mwa bibi yake amevishwa sweta mbili na kofia, kisha akazungushiwa kitenge mpaka ukabaki uso tu. Kikohozi chake kilianza kama cha watoto wote. Sasa hata kulia hakutaka.

Chini ya benchi kulikuwa na kuku aliyefungwa mguu. Kesho yake kuku huyo alikuwa na safari ya Mahoko. Katika ukoo wa Nyirahabimana, mtoto akikohoa kwa muda mrefu hufunguliwa kinywa, ulimi ukakandamizwa kwa mpini wa kijiko, wakubwa wakakitazama kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kikionekana kirefu, kinakatwa. Mkataji aliishi Mahoko na ada yake ilikuwa kuku. Wana wote wa Nyirahabimana walikatwa, na akitokea mtu wa kubisha, mama huyo alisema tu, "Straton, fungua kinywa," na mwanamume mzima mwenye ndevu akafungua kinywa ili jirani aone kwamba hana kilimi na bado anaishi.

Niyonshuti hakutaka Keza akatwe. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na hapana, lakini hakuwa na kitu cha kuweka mahali pa hapana hiyo. Mshauri wa afya wa kijiji, mama aliyekuwa akipima watoto mlangoni kwake, alikuwa amehamia Kigali na mwingine hajachaguliwa. Kwenye kituo cha afya Niyonshuti alikwisha kuambiwa mbele ya foleni nzima kwamba amechelewa, mtoto ameugua sikio mpaka limetoa usaha. Safari iliyofuata akawahi, akaambiwa mbele ya foleni ile ile kwamba mafua si ugonjwa wa kupotezea siku. Watu walicheka. Tangu hapo alikuwa kama mtu anayeambiwa apige hatua gizani na asikanyage kitu.

"Uko nauzisha nini?" alimuuliza mgeni.

"Vitabu. Vya shule, vya nyimbo za kanisa. Na hivi vya afya, vya kuweka nyumbani. Mtu wa nyumba yako akiugua, unatazama dalili zake humu."

Niyonshuti aliweka ungo chini.

*

Hakimu alitandaza turubai sakafuni, akavipanga vitabu viwili juu yake. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya biashara.

"Hiki cha Kifaransa ndicho wanachonunua wenye nyumba kubwa za kule mjini. Karatasi ngumu, picha za rangi. Bei yake, sitaficha, ni kama ya mbuzi."

Straton alinawa mikono kabla ya kukigusa. Alisoma miaka michache Goma kwa mjomba wake, na Kifaransa kile ndicho kitu pekee cha shule alichobaki nacho. Alikipima kitabu kwa viganja vyote viwili.

"Bon! Hii njo kitabu. Sikia uzito! Tutaiweka pale, chini ya picha ya ndoa. Mutu akiingia, anajua ameingia kwa batu."

"Tafuta kukohowa, Papa Keza," Niyonshuti alisema.

Straton alifungua, akalamba kidole, akapekua. Alipita ini la rangi ya zambarau, akapita mifupa ya mguu. Jasho jembamba lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Ile kitabu inaenda na majina ya magonjwa," alisema mwishowe. "Donc, we unitajie jina ya bugonjwa, mi nakuonesha ukurasa."

"Ningekuwa najua jina yake, ningekuwa natafuta nini tena?"

Hakimu aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Akachukua cha pili, cha Kiingereza, akawatafsiria mwenyewe. Hiki kilikuwa na kikohozi, tena ukurasa mzima. "Anasema inaweza kuwa mafua. Au pumu. Au kifua kikuu. Au moyo. Au uvimbe kwenye..."

"Funga!" Nyirahabimana alimfunika Keza masikio. "Funga hiyo kitu! Iko naloga mutoto. Bugonjwa moja imeingia humu, sasa unaniletea wenzake wote?"

Hata Straton alicheka. Niyonshuti hakucheka. Alikuwa ameona pembe ya kitabu kingine ndani ya begi.

"Na ile?"

Hakimu alikitoa taratibu, kama mtu anayemtoa ndugu yake maskini mbele ya wakwe. Kilikuwa chembamba, jalada lake la karatasi limeanza kujikunja, picha zake zimechorwa kwa wino mweusi tu. "Hiki ni cha Kiswahili. Hakina mapambo. Bei yake haizidi ya kuku."

Niyonshuti alikipokea na kusoma mwenyewe, kidole chini ya mstari. Sura zake zilikuwa na majina ambayo mama yeyote angeweza kuyasema akiwa amesimama mlangoni: Mtoto anakohoa. Mtoto anaharisha. Mtoto ana joto kali. Mtoto hataki kunyonya.

Straton alichungulia juu ya bega lake, akaruka moja kwa moja mpaka mwisho wa ukurasa. "Nenda kituo cha afya." Akafunua mwingine. "Nenda kituo cha afya. Wapi! Kitabu ya kukuambia uende kwa muganga unainunua ya nini? Hata Mama anaweza kuniambia vile, bure."

"Mi siwezi kukuambia vile," Nyirahabimana alisema. "Mi nakuambia Mahoko."

"Mzee Straton," Hakimu alisema, na sauti ya biashara ilikuwa imemtoka, "mimi nikiuza kile kikubwa, mwezi wangu umekaa vizuri. Lakini mama wa mtoto ameuliza swali, na mpaka sasa hakuna kitabu kilichomjibu. Mwacheni asome."

Niyonshuti alisoma kwa sauti, polepole. "Mtoto anayekohoa, usianze na kinywa. Mfungue kifua. Mtazame akiwa ametulia. Je, anapumua haraka kuliko kawaida yake? Je, chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi?"

"Kumufungua? Na hii baridi?" Nyirahabimana alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu. "Unataka kumuua?"

"Mabukwe," Niyonshuti alimsihi mama mkwe wake, "tuangalie kidogo tu."

"Mi nimekomalisha batoto, we ungali unanyonya! Sikuwahi kumuvua mutoto nguo kwenye mvua juu ya karatasi."

Straton alikitazama kitabu, akamtazama mama yake, akarudisha macho kwenye wavu. Niyonshuti alijua nyumba hii inavyokwenda. Neno la mama mkwe likishatoka, mke haweki lake juu yake. Alipiga magoti mbele ya mama huyo, akauweka mkono wake juu ya kitenge bila kukivuta.

"Sitamufungua mimi," alisema. "Mumufungue nyiye wenyewe. Kama hakuna kitu, kesho ntabeba kuku mimi mwenyewe mpaka Mahoko."

Nyirahabimana alilegeza mikono. Hilo alilipenda. "Bon. Mutaona sasa kama hiyo kitabu yenu haiongopi."

Akafungua kitenge. Akatoa sweta ya kwanza, akaipandisha ya pili mpaka kwapani, huku akinung'unika. Kisha manung'uniko yakakatika. Chini ya mbavu za Keza, kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama ndani kama kitambaa kilichonyonywa, ikatoka, ikazama tena. Kwa siku zote hizo walikuwa wamemfungua kinywa asubuhi na jioni, wakabishana juu ya urefu wa kilimi, na hakuna aliyekuwa ameona kifua chake. Waliokuwa wakimpenda zaidi ndio waliokuwa wamekifunika.

"Inazama," Nyirahabimana alinong'ona. "Yebaba we, inazama."

"Kitabu inasema nini?" Straton alikuwa amekwisha kusimama. "Soma! Inasema nini?"

"Nenda kituo cha afya," Niyonshuti alisoma, na machozi yakamdondokea kwenye karatasi. "Nenda sasa. Usingoje kesho."

Hakuna aliyeuliza tena kama neno hilo lina thamani. Straton alitoka mbio kutafuta pikipiki, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nyirahabimana alimfunga Keza mgongoni mwa Niyonshuti. Kisha akainama chini ya benchi, akamfungua kuku na kumsukumia Hakimu kifuani.

"Chukua. Ilikuwa ya mutu mwingine. Sasa ni yako. Kaa hapa, mvua ikate, ufunge mulango ukienda."

Hakimu alibaki amesimama katikati ya nyumba ya watu asiowajua, kuku chini ya kwapa, akiwaombea kwa lugha zake zote.

*

Barabarani, Théogène, mwenye mtumbwi ambao Straton aliutumia kuvulia samaki, alikuwa amejibanza chini ya paa la duka. Aliona pikipiki mbili zikipita kwenye mvua, na kitabu kikiwa kimechomekwa ndani ya koti la Straton.

"Straton! Na kitabu? Umekuwa pasta?"

"Niko daktari!" Straton alipiga kelele bila kugeuka.

Kwenye kituo cha afya foleni ilikuwa ile ile, na benchi lile lile. Niyonshuti aliingia akiwa tayari kuaibishwa. Muuguzi wa zamu, binti aliyeitwa Mutoni, alimpandisha Keza sweta kabla ya kuuliza lolote. Akatazama kifua, akageuka na kuita mwenzake alete hewa ya mtungi.

"Kohozi hii ina siku ngapi? Na kifua, mulianza kuona lini inazama?"

"Leo. Sasa hivi. Tulikuwa hatujamufungua." Niyonshuti aliinamisha uso. "Tumechelewa?"

"Hapana, mama," Mutoni alisema, akiwa tayari ameshika simu kuita gari la wagonjwa. "Mumekuya wakati muzuri. Ni nimonia. Mungengoja kesho, ningekuwa naongea ingine. Nani aliwaambia muangalie kifua?"

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Niyonshuti alifungua kinywa, lakini mkwe wake alimtangulia.

"Ni mi niliona," Nyirahabimana alisema, kidevu juu. "Kitabu iliuliza, mi nikaona."

Mutoni alicheka, na mtu mmoja kwenye benchi akapiga makofi. Niyonshuti alilia tena, safari hii bila kuficha uso.

*

Katika hospitali ya wilaya, Keza alilazwa na hewa puani na sindano ya dawa mkononi. Usiku wa kwanza ulikuwa mrefu. Asubuhi yake alimsukuma muuguzi mkono, akatupa kikombe cha uji chini na kulia kwa sauti ambayo hawakuisikia kwa siku nyingi.

"Lia, mama, lia!" Straton alimwambia bintiye, naye akifuta macho kwa mkono wa koti. "Lia na Goma basikie!"

Kitanda cha jirani kilikuwa na mvulana mdogo, Gad, na mama yake Nyiraneza, mkulima wa viazi kutoka Busasamana, kule juu chini ya volkano. Gad alikatwa kilimi. Damu ilikataa kusimama, na walimfikisha hospitali akiwa mweupe kama karatasi. Sasa alikuwa anapona, lakini kila kijiko cha uji kilimtoa chozi.

Nyirahabimana alimtazama mvulana yule kwa muda mrefu. Baadaye aliinuka, akachukua bakuli mkononi mwa Nyiraneza aliyechoka, akampulizia Gad uji mpaka ukapoa kabisa, akamlisha kidogo kidogo hadi bakuli likaisha. Kila siku waliyokaa pale alifanya hivyo.

Nyiraneza alikigusa kitabu kwa ncha za vidole. "Nasikia kinasema Kiswahili. Mi Kiswahili ninasikia, nilipitisha viazi mpakani miaka na miaka. Lakini kusoma, hapana. Kinasema nini juu ya kuharisha?"

Niyonshuti akamsomea. Akamsomea na joto kali, na mtoto asiyetaka kunyonya. Nyiraneza alirudia kila jibu kwa midomo, kama mtu anayemeza.

"Kwetu bamama tunakutana Jumapili ya mwisho ya mwezi, nyuma ya misa," alisema siku Keza aliporuhusiwa. "Hakuna hata mumoja wetu anasoma vizuri. Tungekuwa na mutu wa kutusomea..." Akaacha hapo. Hakuwa na uso wa kuomba zaidi.

"Ntakuya," Niyonshuti alisema.

"Muko batu ya ziwa. Hamupandishake kwetu huku juu."

"Jumapili ya mwisho. Nimesema ntakuya."

*

Habari ya kitabu ilifika Rubona kabla ya Keza mwenyewe. Waliokuja kumpa pole walikuja wamebeba watoto wao. Straton, aliyelilia karatasi ngumu na picha za rangi, alijifanya mlinzi wa kile chembamba: alikivalisha jalada la gunia na kukiweka chini ya picha ya ndoa. Niyonshuti alisoma, Straton alieleza kwa sauti ya daktari mambo ambayo yalikuwa wazi tayari, na Nyirahabimana aliketi mbele na kijiko chake amekitia mfukoni, akiamuru kila mama anayeingia: "Mufungue kifua kwanza! Kinywa haikimbii!"

Hata Théogène alikuja, jioni, akijifanya anapita tu. Mtoto wake alikuwa anaharisha.

"Karibu kwa pasta," Straton alimwambia. Wakacheka, kisha wakasoma. Usiku ule ule Théogène alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari kama kitabu kilivyoelekeza, na asubuhi akampeleka kituoni bila mtu kumshika mkono.

Wasiwasi ulikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwezi angani ulikuwa umezama, usiku ni mweusi, taa za mitumbwi zinavuta samaki kutoka mbali, na Straton alirudi na sambaza wa kujaza kila beseni la nyumba. Kabla ya adhuhuri simu ya Niyonshuti ililia. Alikuwa Bahizi, mwenye mgahawa mkubwa Goma, mtu ambaye Niyonshuti alimbembeleza mwaka mzima bila kupewa hata salamu.

"Kesho niko na harusi," Bahizi alisema. "Leta sambaza zote uko nazo, asubuhi, we mwenyewe. Zikiwa muzuri, njo we utakuwa unaniletea kila wiki."

Straton alisikia kila neno. Aliruka, akapiga beseni kama ngoma. Kisha akaona uso wa mkewe.

"Ah, hapana. Mama Keza, hapana. Utaenda Busasamana mwezi unakuja."

"Nilisema kesho."

"Yule mama hana hata simu. Atajua nini?"

"Atajua sikukuya."

Nyirahabimana alikuwa mlangoni na Keza mgongoni, na Straton na mkewe walingoja neno lake.

"Bahizi iko na simu," mama huyo alisema. "Mupigie, umuambie ukweli."

Niyonshuti alipiga. Alieleza kwa heshima, akaomba alete Jumatatu, akaomba mumewe alete badala yake. Bahizi alisema hafanyi biashara na mtu anayechagua siku. Atamchukua mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayebaki. Simu ikakatika. Niyonshuti aliendelea kuishika sikioni, kana kwamba mtu huyo angeweza kurudi.

Straton alikaa juu ya kizingiti cha mlango, akayatazama mabeseni yake yaliyojaa. Alivuta pumzi ndefu. "Mi ntaziuza hapa kwenye maji," alisema, "kwa bei ya kulia. Kesho asubuhi ntakutafutia pikipiki yenye tairi muzuri. Kule juu iko mawe."

*

Busasamana kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Pikipiki ilipanda kati ya mashamba ya viazi na kuta za mawe meusi, ikafa mara mbili, na safari ya tatu Niyonshuti na mama mkwe wake waliteremka wakaisukuma. Walifika misa ikiwa imekwisha zamani.

Nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wameanza kuinuka kwenye mabenchi, mmoja mmoja, wakikunja nguo zao. Nyiraneza alikuwa barabarani peke yake, Gad ameshika sketi yake. Mwezi mzima aliwaambia wenzake kwamba mtu wa ziwa atapanda kuja kuwasomea, na mwezi mzima walimcheka. Asubuhi ile aliazima mabenchi hayo mwenyewe, akayafuta umande kwa kitenge chake.

Alipowaona wawili hao wanatokea kwenye ukungu, wamechafuka tope mpaka magotini, hakukimbia kuwapokea. Aligeuka kwanza kuwatazama wenzake.

"Mi nilisema nini?" aliwauliza, na sauti ikampanda mpaka ikapasuka. "Eeh? Nilisema nini?"

Akina mama wakarudi mabenchini, wale waliokwisha kufika njiani wakageuka mbio. Niyonshuti hakungoja chai. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akaketi katikati yao, akakifungua kitabu magotini.

"Nani iko na swali ya kwanza?"

Mikono ikainuka yote pamoja.